Lugha ya Faragha Katika Tiba ya Kifafa kwa Vijana: Mfano wa Garissa

Utangulizi

Kabla ya kujiunga na masomo ya uzamili, mwandishi wa makala haya alifundisha Kiswahili kwa muda katika shule moja ya eneo la Garissa. Siku moja kipindi cha ushairi kikiendelea, msichana wa kidato cha pili alianguka, akakakamaa, akaanza kutetemeka. Kabla ya yeyote kati yetu kukumbuka kumgeuza ubavu, mwenzake alikwisha vuta kitambaa cha meza ya mwalimu na kumfunika kuanzia kiunoni hadi miguuni. Alipopata fahamu hakuuliza kama ameumia. Aliuliza ni nani waliomwona, na kama nguo yake ilikuwa imelowa.

Swali hilo ni la kale. Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Abbas, mwanamke mmoja alimwendea Mtume (S.A.W.) akamlalamikia kwamba huanguka kifafa na hufunuka mwili. Alipewa hiari: asubiri apate Pepo, au aombewe apone. Alichagua kusubiri, ila akaomba aombewe asifunuke, naye akaombewa. Kila niliposikia Hadithi hii ikitajwa mimbarini, ilitajwa kwa ajili ya subira. Sijabahatika kumsikia mhubiri akilikalia ombi la pili, ambamo mgonjwa mwenyewe anautenga ugonjwa na sitara ya mwili wake, kisha anaonyesha ni lipi linalomchoma zaidi.

Makala haya yananuia kueleza namna tiba ya kifafa kwa vijana inavyogusa hedhi, ndoa, mimba na heshima ya mwili, na kwa nini mambo hayo hayatajwi katika chumba cha daktari huko Kaskazini Mashariki. Wengi husema kwamba hayatajwi kwa sababu jamii ya Wasomali ina haya na lugha haina maneno. Haya ipo, wala si aibu kuwa nayo. Maneno nayo yapo, tena yamefundishwa kwa watoto tangu wakiwa wadogo. Nitajaribu kuonyesha yalipo.

Dawa katika mwili unaobadilika

Kwamba kifafa ni ugonjwa wa ubongo, na kwamba hakiambukizwi kwa povu wala kwa kumgusa mgonjwa, ni jambo lililokwisha kusemwa mara nyingi na sina haja ya kulirefusha. Lisilosemwa ni lile linalotokea mgonjwa anapobalehe.

Tuanze na hedhi. Homoni ya estrojeni huelekea kuuchochea ubongo, ilhali projesteroni huelekea kuutuliza. Siku chache kabla ya damu kuanza, projesteroni hushuka kwa kasi, na ndiyo maana baadhi ya wanawake wenye kifafa, inakadiriwa theluthi moja hivi, huanguka mara nyingi zaidi katika siku hizo. Msichana anayesema kwamba kifafa chake "hufuata mwezi" huenda akadhaniwa anazungumzia mwezi wa angani na mashetani yake. Yamkini anaeleza hali ya mwili wake kwa usahihi kuliko tunavyomsikia.

Kisha zipo dawa. Fenobabitali imetumika kutibu kifafa tangu 1912. Ni rahisi kwa bei, humezwa mara moja kwa siku, na kwa sababu hiyo imekuwa tegemeo la zahanati nyingi za Afrika. Dawa hii, pamoja na kabamazepini na fenitoini, hulihimiza ini livunjevunje kemikali nyingine upesi kuliko kawaida. Miongoni mwa kemikali hizo ni homoni zilizomo katika vidonge vya kupanga uzazi na katika vipandikizi vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono. Matokeo yake ni kwamba mwanamke aweza kumeza vidonge vyake bila kukosa hata siku moja na bado akashika mimba. Sindano ya miezi mitatu na kitanzi cha shaba haviathiriwi kwa namna hiyo. Hata hivyo, kitanzi nacho kina kikwazo chake katika eneo hili. Kwa mujibu wa Utafiti wa Kitaifa wa Idadi ya Watu na Afya wa 2014, zaidi ya wanawake 97 kati ya kila 100 wa Kaskazini Mashariki walikuwa wamekeketwa, na mwanamke aliyeshonwa kwa ile tohara iitwayo ya kifirauni hupata taabu kuwekewa kitanzi.

Utafiti huohuo ulionyesha kwamba wanawake walioolewa waliokuwa wakitumia njia yoyote ya kupanga uzazi katika mkoa huo walikuwa asilimia 3.4 tu, hali taifa zima lilikuwa na asilimia 58. Msomaji atauliza: ikiwa wanaotumia ni wachache kiasi hicho, suala hili lina uzito gani? Lina uzito kwa sababu mwanamke mwenye kifafa ana haja ya kimatibabu ya kupanga wakati wa mimba yake, na sababu yenyewe ni dawa ya tatu ambayo sijaitaja.

Dawa hiyo ni sodiamu valproeti. Ni dawa yenye nguvu dhidi ya aina nyingi za kifafa. Lakini mtoto 1 hivi kati ya 10 waliokuwa tumboni mwa mama aliyeitumia huzaliwa na kasoro ya kimaumbile, mathalani ya uti wa mgongo au ya moyo, na watoto 3 hadi 4 kati ya 10 hupata matatizo ya ukuaji wa akili na lugha. Mwaka 2018 nchi za Ulaya ziliweka masharti makali juu ya matumizi yake kwa wasichana na wanawake wanaoweza kuzaa, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likashauri wasianzishiwe dawa hiyo. Penye uwezo hutumiwa lamotrijini au levetirasetamu, zilizo salama zaidi kwa kijusi, ijapokuwa kiwango cha lamotrijini mwilini hushuka wakati wa mimba na hakina budi kurekebishwa. Zaidi ya hayo, mwanamke hupewa asidi ya foliki kabla hajashika mimba. Neno "kabla" ndilo lenye uzito hapa. Uti wa mgongo wa mtoto hujifunga katika wiki nne za kwanza, wakati mama wengi hawajajua kuwa wana mimba. Akija kliniki ya wajawazito mwezi wa tano, foliki hiyo haitaurudisha nyuma mwezi wa kwanza.

Hata hivyo, hakuna mzazi wala mgonjwa anayepaswa kusoma hayo akaitupa dawa. Kuacha dawa ya kifafa ghafla kwaweza kuleta mfululizo wa mishtuko usiokoma, nao huua. Dawa hubadilishwa polepole na daktari, na hubadilishwa vyema zaidi kabla ya harusi kuliko baada yake.

Wavulana nao wamesahauliwa, labda kwa sababu hawashiki mimba. Dawa zilezile za zamani huongeza protini inayoifunga homoni ya kiume katika damu, na baadhi ya wanaozitumia hupungukiwa na matamanio au nguvu. Kijana asiyeambiwa hayo atayasikia kutoka kwa wenzake kwa sura ya kutisha zaidi, naye ataamua peke yake kuziacha. Hatamweleza mtu sababu.

Kifafa na "kifafa cha mimba"

Hapa wanafunzi wa istilahi tuna kesi ya kujibu. Neno "kifafa" linasikika kama takriri ya kitenzi -fa: kufa kudogo kunakojirudia. Kisomali kina qallal, neno lenye fikra ya kukauka na kukakamaa. Kila lugha imetazama upande wake wa tukio lilelile. Lakini Kiswahili kiliendelea mbele kikaita "kifafa cha mimba" ule ugonjwa mwingine kabisa, yaani mishtuko inayomshika mjamzito baada ya shinikizo la damu kupanda, aghalabu baada ya wiki ya 20. Dawa yake ni magnesiamu salfeti na kumzalisha mama mapema. Si ugonjwa wa kifafa, wala hautokani nacho.

Aliyeunda istilahi hiyo alitazama tukio la nje, na kwa macho ya nje alikuwa sahihi. Madhara yake hujitokeza familia inapoisikia. Msichana mwenye kifafa anayeambiwa kuna "kifafa cha mimba" huelewa kwamba ugonjwa wake unamngoja katika uzazi, na kwamba kuolewa kwake ni hukumu ya kifo. Kwa upande mwingine, mama asiyewahi kuanguka maishani mwake, akipatwa na mishtuko hiyo mara moja, hurudi nyumbani na jina la ugonjwa wa kudumu, na binti zake wakapungua thamani katika mizani ya wachumba. Lakini baya zaidi ni pale mwenye kifafa anapoanguka akiwa na mimba ya miezi minane, watu wakasema ni ule ule aliouzoea, wakamwacha alale apumzike, wakati pengine shinikizo lake la damu limekwisha panda na kila saa ina thamani. Mwenye kifafa naye aweza kupatwa na ugonjwa huo wa pili. Neno moja kwa maradhi mawili linaufanya wa pili usionekane.

Baadhi ya matabibu sasa husema "eklampsia". Neno hilo ni zito ulimini na halielezi chochote kwa mama wa Bura au Modogashe, lakini angalau halimdanganyi. Mimi ningependelea "mishtuko ya shinikizo la mimba", ingawa najua istilahi haziundwi na mtu mmoja katika jarida la wanafunzi.

Mkalimani aliye mama

Tuchukue mfano wa kubuni. Afisa wa kliniki aliyezaliwa Meru anazungumza Kiswahili. Msichana wa miaka 17 anazungumza Kisomali, na Kiswahili chake ni cha darasani. Mama yake anajua Kiswahili cha sokoni, kwa hiyo anakuwa mkalimani.

"Mama, naomba umwulize binti kama anatumia njia yoyote ya kupanga uzazi," asema afisa.

Mama anamgeukia mwanawe na kumwuliza kwa Kisomali kama anameza dawa zake kila usiku.

"Haa, hooyo," ajibu binti, yaani ndiyo, mama.

"Amesema hapana," mama amwambia afisa.

Katika mazungumzo hayo hakuna aliyekusudia kudanganya. Binti amejibu kweli, na mama ana yakini ya jibu lake. Kwake yeye, kulipeleka swali lile kwa bintiye kama lilivyo kungekuwa ni kumtuhumu mbele ya mwanamume mgeni. Afisa naye anaandika hapana, anaongeza dozi ya valproeti, na kumwita mgonjwa anayefuata.

Hali hii ina historia. Kaskazini Mashariki imetegemea kwa muda mrefu watumishi waliotoka sehemu nyingine za nchi, na baada ya mashambulizi ya Mandera ya Novemba 2014 na lile la Chuo Kikuu cha Garissa la tarehe 2 Aprili 2015, ambamo watu 148 waliuawa, walimu na wauguzi wengi wasio wazaliwa wa eneo hilo waliondoka. Wanaofika baadaye huanza upya kujifunza nani aulizwe nini. Elimu kuhusu kifafa chenyewe haijaenea nchini kwa usawa pia. Mengi yanayojulikana juu ya ugonjwa huu nchini Kenya yametokana na utafiti wa miaka mingi wa kituo cha KEMRI kule Kilifi, ambako ilibainika kwamba zaidi ya nusu ya wenye kifafa hawakuwa wakipata tiba. Kilifi ni jirani ukitazama ramani, lakini maisha ya mfugaji wa Wajir au ya mkimbizi wa kambi za Dadaab, zilizoanzishwa 1991, yana kanuni zake.

Isitoshe, mama ana jambo analolilinda. Ugonjwa huu hufichwa hadi nikahi ipite. Tusiwacheke wanaoficha: sheria ya ndoa ya Uingereza ya 1937 iliruhusu ndoa kubatilishwa ikiwa mmoja wa wanandoa alikuwa na kifafa siku ya kuoana, na India iliondoa kifungu kama hicho mwaka 1999 tu. Pale siri inapofichwa, bibi harusi hufika kwa mumewe bila dawa, kwa kuwa vidonge vingemfichua. Anaanguka katika wiki za kwanza, wakati mwingine penye moto wa kupikia. Sheria ya Kenya hairuhusu ndoa kabla ya miaka 18, na nikitaja harusi hapa simaanishi kuihalalisha ya mtoto. Namaanisha kwamba mazungumzo yanayohitajika hayana budi kufanyika akiwa na miaka 14 au 15, ili siku ya posa isimkute hana la kusema.

Msamiati uliopo tayari

Lugha ya mabango ya afya, yenye "afya ya uzazi", "njia za kisasa" na "vijana balehe", imetafsiriwa ofisini na inanukia ofisi. Lugha ya mtaani haiwezi kutamkwa mbele ya mama. Tasfida za pwani, kama vile kuingia mwezini au kuona siku, ni nzuri, lakini msichana wa Garissa hakulelewa nazo. Hana somo wala kungwi wa kumfundisha mafumbo hayo.

Amelelewa na kitabu. Safinatun Najaa ni kijitabu cha fiqhi kinachosomwa na Mashafii wa pwani ya Afrika Mashariki na Wasomali vilevile. Katika kurasa zake chache mwanafunzi hujifunza dalili za kubalehe, zikiwemo kuota na kupata hedhi. Hujifunza pia kwamba udhu hutenguka kwa yanayotoka katika njia mbili, kwa kupotewa na akili kwa usingizi au kwa namna nyingine, kwa kugusana ngozi mwanamume na mwanamke, na kwa kugusa tupu. Tazama jinsi mambo hayo yalivyokaa pamoja! Kupoteza fahamu, kulowa, mwili wa mwingine na sehemu za siri vyote vimo katika mlango mmoja mfupi, vinasomwa kwa sauti na watoto, na hakuna anayeinamisha kichwa. Isitoshe, istilahi zake zimeingia katika lugha zote mbili: nikahi ni nikaax, mahari ni meher, nifasi ni nifaas, janaba ni janaabo. Afisa wa Meru akijifunza maneno kumi ya aina hiyo atakuwa na daraja lisilohitaji mkalimani kwa kila hatua.

Faida yake si ya matamshi pekee. Maneno haya yana hadhi ya elimu. Imepokewa kwamba Bi Aisha aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuielewa dini yao, na kila mama wa madrasa anaijua sifa hiyo. Swali linaloingia kwa mlango wa tohara na swala halimtuhumu mtu. "Ukianguka, nguo hulowa? Basi huna udhu. Tukusaidieje uweze kuswali?" Kwa swali hilo afisa amepata habari ya kimatibabu, na msichana amepata mtu wa kwanza aliyemwuliza juu ya jambo linalomtoa usingizi.

Msamiati huu una mipaka yake, tena mikubwa. Garissa wanaishi pia Wakristo, ambao fiqhi si lugha yao. Fiqhi huzungumzia mwili kwa kuukadiria ndani ya ndoa, na kijana aliyekutana na mtu nje yake hatajifichua kwa maneno hayo. Halafu kuna dhuluma. Aliyezirai hawezi kujitetea, na wapo wanaoachwa peke yao na mganga ndani ya chumba kilichofungwa. Kiswahili cha magazeti na cha mahakama husema mtoto "amenajisiwa". Neno hilo linamtia najisi aliyetendewa, na katika sikio lililofunzwa tohara linasikika kwa ukali maradufu. Hapa sitaki neno la kitabu hata kidogo. Muuguzi na aulize waziwazi: "Kuna mtu aliyekugusa bila ridhaa yako wakati umeanguka?"

Kuhusu hedhi, hata hivyo, kitabu kinatupa zaidi ya maneno. Mwanamke hafungi wala haswali akiwa katika hedhi. Swala hailipi, lakini siku za Ramadhani hulipa. Kwa hiyo msichana anayeulizwa kama hedhi yake "iko kawaida" atasema ndiyo ili swali lipite, lakini msichana huyohuyo anajua bila kukosea ni siku ngapi anazodaiwa na zilikuwa zipi. Anazihesabu kwa vidole, wengine huziandika nyuma ya daftari. Afisa amwulize: "Unadaiwa siku ngapi za Ramadhani iliyopita? Na siku hizo, au zile mbili tatu zilizotangulia, ulianguka?" Akijibu, apewe daftari lenye safu mbili, moja ya hedhi na nyingine ya kuanguka, alijaze kwa miezi mitatu. (Papo hapo aulizwe humeza dawa saa ngapi katika mwezi huo, kwani fenobabitali ya mara moja kwa siku yaweza kumezwa baada ya futari bila kuvunja saumu, ilhali wako wanaoiacha mwezi mzima.)

Swali hilo laweza kuulizwa mama akiwa ameketi palepale, naye pengine ndiye atakayesahihisha hesabu. Yale yanayobaki yana nafasi yake: daftari likishaandikwa, mama apewe karatasi aende kupanga foleni kwenye dirisha la dawa, na muuguzi wa kike abaki na binti mlango ukiwa nusu wazi.